Mbio za Wasiokufa Zilivyonikata Maini

Wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea katika mashairi, maulidi na ngoma za Pwani. Leo nitazungumzia katuni. Tena si katuni ya gazetini ya kumchekesha mtu akinywa chai, bali ni ya kwenye kioo, iliyotengenezwa na Wajapani, ambamo mashine kubwa zenye mikono na miguu mfano wa binadamu hukimbizana mbio. Wako watakaosema: mtu wa makamo, aliyekaa jamvini chuoni mpaka akahitimu, ana haja gani na michezo ya watoto? Jawabu ni kwamba hadithi ni hadithi, iwe imesimuliwa na bibi uwandani au imechorwa na fundi wa Tokyo. Na hadithi zote hupimwa kwa mizani moja: je, imemshika msikilizaji, na ilipomshika imempa nini?

Katuni hizi si ngeni kwetu. Hapa Mtongwe vijana wanazo kwenye simu na kwenye kompyuta, na hupeana kwa flashi kama sisi tulivyokuwa tukipeana kanda za taarabu. Wanayajua majina ya mashujaa wake kuliko wajuavyo majina ya manahodha wa zamani wa bandari hii. Wenyewe huziita anime. Ipo aina moja ya anime yenye mashine kubwa inayoendeshwa na mtu aliyeketi ndani yake, na mashine hiyo huitwa meka. Ninayoisema leo ni ya meka za mashindano. Jina lake ni Immortal Grand Prix, na kwa ufupi huitwa IGPX. Ina sehemu 26. Nimezitazama zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, nami nimeondoka nimekatika maini.

Mpwa wangu ndiye aliyeniletea. Alinijia jioni moja akaniambia, "Mjomba, wewe unapenda mashindano ya ngalawa. Hii itakufaa." Nilipomaliza akaniuliza nimeionaje. Jawabu nililompa siku ile lilikuwa refu, na makala haya ni jawabu hilo lililopangwa vizuri zaidi.

NI MBIO ZA NAMNA GANI

Hadithi yenyewe imewekwa mwaka 2049. Mashindano haya yamependwa duniani hata ukajengwa mji mzima kwa ajili yake. Timu mbili huingia uwanjani, kila timu ina mashine tatu na marubani watatu: wa mbele, wa kati na wa nyuma. Njia ya mbio ina urefu wa kilomita 60, nayo huzungukwa mara tatu. Maana yake ni kilomita 180, yaani kutoka hapa Mombasa mpaka kuipita Voi, na mashine hizo hukimbia zaidi ya kilomita 350 kwa saa. Zikiwa mbioni, mashine hupigana. Huruhusiwa kumgonga mwenzio, kumkamata, kumwangusha. Basi ni mbio na mieleka kwa pamoja.

Shujaa ni kijana aitwaye Takeshi Jin. Yumo katika timu ya Satomi pamoja na wasichana wawili, Liz Ricarro na Amy Stapleton. Timu yao ni changa. Ndiyo kwanza imepanda daraja kutoka IG-2 hadi IG-1, na mbele yake zimesimama timu kubwa zenye fedha na sifa, hasa ile iitwayo Velshtein, ambayo rubani wake mkuu ni mtu mpole wa maneno na hatari wa vitendo, aitwaye Cunningham.

Kazi hii ilifanywa kwa ushirikiano wa kampuni ya Kijapani ya Production I.G na stesheni ya Kimarekani ya Cartoon Network. Kwanza walitoa vipande vifupi vitano mwaka 2003, kama mtu anayeonjesha mchuzi. Halafu mwezi wa Novemba 2005 wakaanza hadithi kamili, chini ya uongozi wa Mitsuru Hongo, na mwaka 2006 ukafuata msimu wa pili. Katika maneno ya Kiingereza, sauti ya Takeshi ni ya Haley Joel Osment, yule mtoto aliyetia fora katika filamu ya The Sixth Sense mwaka 1999. Sauti ya Liz ni ya Michelle Rodriguez, ambaye vijana wetu wanamjua sana kwa filamu za magari ya mbio. Kwa ufupi, mapishi haya hayakukosa kiungo.

ZILIKOTOKA MASHINE HIZI

Ili msomaji aelewe kwa nini nilitarajia makubwa, yafaa ajue ukoo wa hadithi hizi. Mwaka 1956 Mjapani Mitsuteru Yokoyama alianza kuchora hadithi ya Tetsujin 28, jitu la chuma lililoamrishwa na mtoto. Walakini mtoto yule alisimama nje, akiliamrisha kwa kidude cha mkononi. Mwaka 1972 alikuja Go Nagai na Mazinger Z. Yeye ndiye aliyemchukua kijana akamketisha ndani ya kichwa cha mashine. Jambo hili laonekana dogo, lakini lilibadili kila kitu. Aliye nje mashine ikivunjika hupoteza mashine. Aliye ndani hupotea pamoja nayo.

Jamaa zetu waliokulia Uarabuni watamkumbuka ndugu wa Mazinger, aitwaye Grendizer, aliyetoka Japani mwaka 1975. Huyo alitiwa maneno ya Kiarabu huko Lebanoni, na wimbo wake ukaimbwa na Sami Clark kwa sauti nzito ya mtu anayekwenda vitani kweli. Watoto wa Kiarabu wa wakati ule walilelewa naye, na leo ni watu wazima wenye ndevu, bado wimbo wanaujua. Kwa nini hawakumsahau? Kwa sababu shujaa wake alikuwa mwana wa mfalme ambaye nyota yake iliangamizwa, akaja kuishi kama mgeni kwa watu. Alikuwa na jambo alilopoteza. Kila akiingia katika mashine yake, huingia na msiba wake.

Mwaka 1979 Yoshiyuki Tomino akatoa Gundam. Hapo mashine ikawa na uzito zaidi: risasi huisha, chuma hutoboka, na kijana anayeiendesha hufika mahali akachoka na vita, akakataa kuingia. Mwanzoni watazamaji hawakuipokea vizuri, hata sehemu zake zikapunguzwa kutoka 52 zilizopangwa hadi 43. Baadaye ndiyo iliyokuja kuwa nguzo ya aina hii yote. Chema huchelewa kujulikana.

Na kwa upande wa mbio, Wajapani walikuwa nazo tangu mwaka 1967, kampuni ya Tatsunoko ilipotoa Mach GoGoGo, ambayo Wamarekani waliiita Speed Racer. Sasa angalia nasaba: Production I.G ilizaliwa mwaka 1987 kutoka ubavuni mwa Tatsunoko hiyohiyo. Kwa hiyo waliotengeneza IGPX walikuwa warithi wa pande mbili, upande wa mbio na upande wa mashine. Mrithi wa namna hiyo akikuita karamuni, unakwenda na njaa yako.

NILICHOKIPENDA

Si haki kusema ubaya wa kitu ukaacha wema wake. Mwanzo wa hadithi hii ni mzuri. Timu changa imeingia kati ya wakubwa, haina uzoefu, na watu wanaitazama kwa dharau. Marubani wake watatu hawaelewani. Takeshi ni mvivu wa mazoezi, anategemea kipaji. Liz ana hasira za karibu. Amy ni mpole kupita kiasi. Sisi watu wa Pwani tunaijua hali hiyo. Ni hali ya timu yoyote ya mpira ya mtaani iliyopanda daraja ikakutana na timu za makampuni.

Nilimpenda paka pia. Amy ana paka wake aitwaye Luca, na huingia naye ndani ya mashine, wakaiendesha pamoja. Sisi umma tunaomjua Abu Huraira, sahaba aliyepewa jina kwa sababu ya mapenzi yake kwa paka, hatuwezi kumchukia mtoto anayekwenda na paka wake hata mashindanoni. Mwandishi aliyebuni jambo hilo alikuwa na moyo.

Na uchoraji ni wa mafundi. Watu wamechorwa kwa mkono, mashine zimetengenezwa kwa kompyuta, na mshono haukwaruzi jicho. Mashine ikipita, unaona njia inavyokatika nyuma yake. Kuna wakati hujikunja ikabadilika umbo ili iongeze kasi. Mara ya kwanza nilipoiona nilisogeza kiti.

MAHALI ILIPOHARIBIKA

Basi kasoro iko wapi? Kasoro iko palepale penye jina. Immortal ni neno la Kiingereza ambalo maana yake ni asiyekufa. Mtu aliyesoma chuoni akilisikia neno hilo huinua kichwa, kwani la kwanza tulilofunzwa ni kwamba asiyekufa ni Mmoja tu, na waliobaki wote tuna siku yetu. Lakini sikulikasirikia jina. Watu wa michezo hupenda majina makubwa. Nilidhani hadithi yenyewe italisahihisha jina, kwamba tutaonyeshwa jinsi binadamu anavyojiita asiyekufa kisha akagutuka. Hadithi ngapi za zamani zimejengwa juu ya jambo hilo! Firauni alijiita mkubwa, bahari ikamjibu.

Haikuwa hivyo. Hadithi ililishika jina ikaliamini. Mashine hugongana kwa kasi ya kilomita 350 kwa saa, chuma hukatika, moshi hufuka, na aliyekuwa ndani hutoka akijikung'uta. Wiki inayofuata mashine inang'aa kama ndiyo kwanza imetoka kiwandani. Nani aliyeitengeneza? Mafundi wapo, wamechorwa vizuri, lakini taabu yao haina matokeo. Hatuioni siku ambayo kipuri kimekosekana ikabidi timu iingie na mguu mmoja mbovu. Hatuioni siku ambayo rubani ameingia huku mkono unatetemeka kwa kukumbuka ajali ya juzi, na mtetemeko ule ukambakia. Jambo likitokea leo, kesho halipo.

Mtazamaji hujifunza upesi. Mara ya kwanza mashine ilipobingirika nilisema "Yallah!" Mara ya nne nikanywa chai yangu. Mara ya kumi nilikuwa naangalia saa, kwa kuwa nilishajua hakuna kitakachovunjika kisichounganika. Hapo ndipo mbio zilipokufa, ingawa wakimbiaji hawafi.

Na kwa kuwa mbio zimekuwa nyepesi, watengenezaji walilazimika kutafuta uzito mahali pengine. Wakaleta mapenzi ya Takeshi na rubani wa timu ya Skylark, aitwaye Fantine Valjean, na wivu wa Liz. Jina hilo Fantine Valjean limeunganishwa kutoka kwa watu wawili wa riwaya kubwa ya Victor Hugo, Les Misérables, ya mwaka 1862. Katika riwaya, Fantine ni mama anayeuza nywele zake na meno yake ili amlishe mtoto, na Valjean ni mtu aliyefungwa miaka mingi kwa kuiba mkate. Majina mawili yaliyojaa gharama, yamevishwa msichana ambaye tatizo lake kubwa ni kumpenda kijana wa timu nyingine. Jina kubwa, kapu tupu.

Msimu wa kwanza ulikwisha kama ulivyotabirika: wachanga wakawashinda wakubwa, Satomi ikamshinda Velshtein. Si dhambi kutabirika. Hata tenzi zetu za kale msikilizaji huujua mwisho wake kabla ya basmala. Lakini katika tenzi mshindi hufika amelipa, amezika ndugu, amevunja upanga. Takeshi alifika akiwa yuleyule aliyeondoka, isipokuwa kombe limeongezeka mkononi. Msimu wa pili ulitaka kuliponya jambo hili, kwa kumwonyesha bingwa asiyejua la kufanya baada ya ubingwa. Wazo hilo ni zuri kuliko yote. Walakini mwanzo ulikuwa umeshajengwa bila msingi, na huwezi kuweka ghorofa ya pili juu ya nyumba ya udongo usiokauka. Baada ya mwaka 2006 msimu wa tatu haukuja.

SISI TUNAZIJUA MBIO

Huenda msomaji akasema nadai mambo magumu mno kwa katuni iliyotengenezwa kwa watoto. Kifo si chakula cha watoto wa usiku wa Jumamosi. Nakubali, wala sitaki damu. Ninachokitaka ni gharama, na gharama si lazima iwe kifo. Nitatoa mifano ya kwetu.

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, na zamani njia yake ilifika mpaka huku Pwani. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakarudi saba tena, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na mwenzake Paddy Cliff katika Peugeot 404. Waliobaki wote walikwama katika tope, walivunja ekseli, walizimika injini mtoni. Hakuna haja ya kumwua mtu katika hadithi hiyo. Ile hesabu peke yake, saba katika 93, inakufanya uketi vizuri.

Mwaka 1973 Shekhar Mehta wa kwetu na Harry Källström wa Uswidi, wote katika magari ya Datsun, walimaliza wakiwa na alama sawasawa. Siku na usiku za mavumbi na mvua, kisha sawa kwa sawa! Ikabidi watazame nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata kosa lake la kwanza, na Mehta akapewa ushindi. Fikiri, ewe msomaji: kosa moja dogo la mwanzoni kabisa, ambalo dereva pengine alikwisha lisahau, ndilo lililoamua mwishoni. Hiyo ndiyo hadithi ya mbio. Kilichotendeka jana kinamngojea mtu kesho. IGPX haikumbuki jana.

Wajapani wenyewe wanalijua jambo hili. Datsun zao na Lancer zao, kama ile aliyoshindia Joginder Singh mwaka 1974, zilikuja kujaribiwa katika tope letu, na zikajipatia jina kwa sababu tope hilo liliwavunja wengine. Hata leo, ukisimama ufuoni hapa Mtongwe ukatazama ng'ambo Kilindini, utaziona meli zikishusha magari yaliyokwisha tumika Japani. Fundi wa Likoni hukwambia gari lile liliwahi kugongwa ubavu wa kulia, kwa kupitisha kidole tu juu ya rangi. Chuma kina kumbukumbu. Katuni iliyotoka katika nchi hiyohiyo imechora chuma kisichokumbuka.

Na tuje kwenye vyombo vya baharini. Lamu, wakati wa Maulidi, hufanywa mashindano ya vyombo na mbio za punda. Mpanda punda hana tandiko, hana hatamu ya maana, na punda si mashine kwamba atakwenda kwa kuwa umebonyeza kitu. Aweza kusimama katikati ya umati akaona imemtosha. Katika chombo, nahodha ana tanga moja, na upepo ni wa Mungu. Anapobisha, akikosea kidogo kuligeuza foromali, chombo hupoteza mwendo na wenzake wakampita akiwaona. Mabaharia hujitupa upande wa upepo kukisawazisha chombo, na mtu mmoja akichelewa, maji huingia kwa wote. Hapo kila kiungo kina kazi, na kila kosa lina bei. Ndiyo maana mtu aliyeyatazama mashindano hayo akiwa na miaka saba huyasimulia akiwa na sabini.

UZITO WA CHOMBO

Nimesita kabla ya kuandika haya yanayofuata, lakini makala yaliyoandikwa Mtongwe juu ya mashine na watu walio ndani yake hayawezi kuyaepuka.

Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu sana na nchi kavu. Ilikuwa imebeba watu zaidi ya 400 kwa nafasi ya 300. Watu 272 walikufa. Walikuwa wafanyakazi, akina mama wa biashara, wanafunzi, watu waliokuwa wakivuka kwenda kisiwani kama walivyovuka jana yake. Hakuna nyumba ya upande huu isiyojua jina la mtu. Hitima zilifuatana mtaa kwa mtaa.

Siilinganishi katuni na msiba huo, hasha. Nasema tu kwamba mtu wa hapa haambiwi na mtu ya kuwa chombo kina uzito, na uzito una mpaka, na mpaka ukivukwa kuna hesabu. Analijua hilo kila akikanyaga feri ya Likoni. Kwa hiyo ukimletea hadithi ya mashine zinazoruka, zinagongana, zinabingirika, halafu hakuna hesabu yoyote, humfurahishi. Unamwambia kwamba mwandishi wa hadithi hajawahi kusimama juu ya kitu kinachoyumba.

Na vijana wetu nao wanalijua, ingawa hujifanya hawalijui. Wengi wao hapa ni watu wa pikipiki. Usiku njia ikiwa tupu hushindana, bila kofia, mmoja amelala juu ya tangi ili akate upepo. Sisemi kwamba katuni ndiyo iliyowafundisha, maana walishindana kabla haijaja, na baba zao walishindana kwa baiskeli. Walakini kijana huyo, ambaye amewahi kumbeba mwenzake mwenye mguu uliovunjika, alistahili hadithi inayomheshimu kwa analolijua. Hadithi ya mbio iliyo nzuri humwambia: hofu unayoisikia kwenye kona ni ya kweli, na ushujaa ni kuipima hofu hiyo, si kutokuwa nayo. IGPX ilimwambia: hakuna kona.

AMBALO VIJANA WANAWEZA KULIFANYA

Nilipomweleza mpwa wangu haya yote, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mjomba, wewe unataka kila kitu kiwe na huzuni."

Nikamwambia, "Sitaki huzuni, mwanangu. Nataka kitu kikivunjika kiwe kimevunjika."

Hapo akaenda chumbani akaniletea daftari. Kumbe anachora. Amechora meka yake mwenyewe, ina mlingoti mgongoni na tanga la pembe tatu, na mikono yake miwili ni mirengu ya ngalawa. Inakimbia juu ya maji, kutoka Mtongwe kuzunguka kisiwa hadi Mji wa Kale. Nilicheka kwa furaha. Nikamuuliza: tanga likipasuka, rubani atashona na nini? Akasema hajafikiri. Nikamuuliza: ina mzigo gani? Inabeba watu wangapi? Maji yakiingia, yatatokea wapi? Upepo wa kusi ukianguka katikati ya safari, atafanyaje? Akaanza kuandika kando ya picha. Siku ya tatu alirudi na picha nyingine. Tanga lina kiraka, na kiraka kile ni kanga ya mama yake rubani.

Kiraka kile kimoja kina hadithi zaidi ya mbio nyingi nilizozitazama katika sehemu 26. Mara moja nataka kujua tanga lilipasuka wapi, na mama alisema nini alipoombwa kanga yake.

Ndiyo sababu nimeona vema kuandika. Tunao vijana wanaojua kuchora, na vifaa vya kutengenezea katuni si siri tena kama zamani. Tunao wasimulizi kama DJ Afro, anayezichukua filamu za kigeni akazitia maneno yetu hata watu wakasahau kwamba waigizaji si wa huku. Kinachohitajika sasa ni kutazama kazi za wageni kwa jicho la kupima, tuchukue ufundi wao wa rangi na mwendo, ambao hauna mshindani, na tusichukue wepesi wao pale walipokuwa wepesi. Mazinger, Grendizer na Gundam walikuwa na uzito. IGPX ilirithi nyumba hiyo, ikahamisha vyombo vyote vizito nje, kisha ikashangaa mwangwi.

Kwa anayetaka kuitazama simkatazi. Atazame sehemu za mwanzo, aone jinsi timu changa inavyoanza, amwone na paka Luca. Akifika mahali ambapo mashine imebingirika na yeye hakusogeza kiti, ajue amefika nilipofika mimi.

Nami kwa kuwa mkono umezoea vina, namwachia mpwa wangu na wenzake ubeti huu, waubandike juu ya daftari zao:

Mbio zisizo thamani, moyo haziwezi shika,
Chombo kikiwa majini, nahodha hutaabika,
Asiye hofu moyoni, si shujaa akivuka,
Cha bure hakina shani, gharama ndiyo baraka.